Gauni Lilionekana, Uso Ukapotea

Nakumbuka siku moja ya jua kali pale Beni, mwanangu, nikuambie kabla hujaanza kupiga watu picha. Nilikuwa kijana, kamera shingoni, nikijiona fundi. Vita vilikuwa vimekaribia, lakini watoto walikuwa wamepokea komunyo ya kwanza na kila mzazi alitaka picha. Saa sita mchana Mama Masika alimsimamisha binti yake Masika mbele ya ukuta wa chokaa wa kanisa, kwenye gauni la lesi jeupe la kuumiza macho.

“Fotografe, robe ionekane muzuri,” akaniambia. “Hii lesi nilishona miye mwenyewe. Batu baone kila tundu!”

Nilijua kwamba jua la utosini huchimba mashimo chini ya nyusi, na kwamba weupe ukizidi, kamera hudanganyika. Hatua kumi tu kulikuwa na baraza yenye kivuli kizuri. Lakini foleni ilikuwa ndefu, nami nikaona uvivu. Nikabana mwanga kwenye kamera ili lesi isiungue kwa weupe, nikapiga mara moja. Haraka haraka haina baraka. Wazee walisema, sisi tukacheka.

Picha ilisifiwa mtaa mzima. Kila tundu la lesi lilionekana. Uso wa Masika ulikuwa kivuli kitupu, na hakuna aliyeuliza.

Wiki mbili baadaye mizinga ililia, na watu wakakimbilia Butembo, wengine kwa malori, wengine kwa miguu. Katika msukumano wa njiani, mkono wa Masika ukaponyoka kutoka mkononi mwa mama yake. Nami nilikimbia, na negativu zangu, zile filamu za kutolea picha, kwenye mfuko. Nilimkuta mama yule Butembo, penye kuegesha malori, akiwaonyesha madereva ile picha. Wanatazama, wanatikisa kichwa. Aliponiona alinijia mbio.

“Fotografe, macho ya mutoto wangu iko wapi? Toa ingine! Toa yenye sura!”

Nikaenda kwa mzee mmoja mpiga picha wa mji ule, nikamwomba chumba chake cha giza cha kusafishia picha. Mzee akainua negativu dirishani. Mahali pa uso palikuwa wazi kama kioo kilichooshwa.

“Mwangaza haikuandika kitu hapa, sasa unataka dawa ndio iandike?” akasema. “Ulipiga foto ya nguo, kijana. Mutoto ulimuacha inje.”

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilirudi mikono mitupu.

Siku ya tatu ya kutafuta Mama Masika aliikunja picha, akaificha ndani ya kitenge, akaanza kuuliza kwa mdomo tu: kovu juu ya jicho la kushoto, pengo la jino la mbele, akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Nikatembea naye, nikiyarudia maneno hayo kwa kila dereva. Dereva mmoja wa lori la viazi akazima injini.

“Ya pengo? Lakini huyu nilimubeba! Iko Masereka, kule milimani, kwa katekista.”

“Si nilikuonyesha foto yake juzi!” Mama Masika akamjia juu.

“Mama, hapana kunikasirikia. Kwa ile foto sikuona mutu. Niliona robe.”

Tulimkuta hai, amefunikwa koti la mtu mzima. Lakini siku mbili zaidi alizolia katika baridi ile ya milimani, mwanangu, nilimpa mimi.

Basi sikia. Saa sita mtoe mtu juani, mpeleke barazani, uso uelekee kule mwanga unakotoka. Wingu likitanda usinung’unike, maana hulainisha jua na macho hufunguka. Kwenye ukungu wa asubuhi wa Butembo sogea karibu, kwani ukungu hula kilicho mbali. Mvua ikikatika, ngoja kidogo. Anga ikitakata, hapo ndipo upige. Kofia ivuliwe. Mwenye ngozi nyeusi akivaa nyeupe, pimia mwanga usoni, nguo iungue ikitaka. Na mteja akitaka vingine mbembeleze, mchekeshe, lakini katika hili usimtii. Wewe hujui picha ile itashikwa na mikono gani kesho, wala kwa hofu gani.

Mungu akutunzie macho yako, mwanangu. Na kila utakayempiga picha, Mungu amjalie asitafutwe kwayo kamwe.