Uji wa Leticia

Kariakoo ukinenepa hawakuulizi unaumwa nini, wanakupa hongera. Marcelino, fundi simu wa Mtaa wa Aggrey, alizipokea hongera hizo mwaka mzima. "Fundi umenawiri! Shemeji anakulisha nini?" wenye maduka walimtania, naye akacheka nao. Angewaambiaje kwamba kitambi kile kimeletwa na vidonge vya ugonjwa wa akili? Nani angemwachia simu yake mtu aliyewahi kukutwa Jangwani, mvua inanyesha, yuko na singlendi, anawahubiria vyura?

Hiyo ilikuwa miaka miwili nyuma. Siku zile alisikia sauti, na sauti zilikuwa na habari moja tu: mkeo anakutilia kitu kwenye chakula. Akagoma kula nyumbani, akaishi kwa mihogo ya kukaanga ya barabarani. Leticia, maskini, alilia, akavumilia, akamshika mkono mpaka kliniki. Vidonge vya kwanza vilizima sauti lakini vikamkakamaza shingo, akawa haoni kushoto wala kulia. Akavitupa kimyakimya, akamwapia mkewe kwamba anameza, akaugua upya. Daktari akambadilishia dawa.

Hizi za pili zilimfaa. Zilimpa njaa isiyo na adabu, zilimtoa mate usingizini mpaka mto unalowa, lakini sauti zilinyamaza. Siku moja alikaa mkekani kwenye chumba chao cha Buguruni, akala wali wa mkewe bila kuuchunguza punje kwa punje. Alimaliza sahani nzima ndipo akagundua, akalia kama mtoto. Kwa ajili ya sahani ile alizisamehe dawa kitambi, mate na kila kitu. Alichoomba zimwachie ni mikono tu, maana fundi anayechomelea vitu vidogo kuliko punje ya mtama, bila mikono, ni mtazamaji.

Mwezi wa nne mikono ikaanza kutetemeka. Mwezi huohuo uji wa asubuhi ukabadilika ladha.

"Mama Josepha, uji huu mbona mchungu?"

Leticia aliweka upawa chini, akamtazama usoni. "Yameanza tena hayo, baba Josepha? Hivi dawa unameza kweli wewe?"

Marcelino aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, kwa sababu wazo lile alilijua, ndilo lililompeleka kwa vyura. Basi akaamua kupigana nalo. Kila asubuhi alikunywa uji ule mpaka chini, na uchungu wake wote, ili ajithibitishie kwamba ni mzima. Tena alikwenda kliniki mwenyewe, peke yake, akasema: "Daktari, yale mawazo ya chakula yamerudi." Daktari akamsifu kwa ukweli wake, akamwongezea dozi kidogo.

Mikono ikazidi. Aliangusha kioo cha mteja, kesho yake akaunguza saketi ya simu nzima. Robert, mwenye duka, Mchaga mpole asiyependa maneno mengi, alimvuta pembeni. "Kaka, pumzika kidogo. We kaa mbele pale, upokee wateja." Miaka kumi na moja ya ufundi, leo anaambiwa akae mlangoni aseme karibu! Marcelino alikaa, na alisema karibu, lakini moyoni alikuwa anawaka.

Ilikuwa Jumanne alipofika kituoni akakumbuka kwamba ameacha miwani. Akarudi. Leticia alikuwa amechuchumaa mlangoni na kinu chao kidogo cha iliki, anatwanga. Ndani ya kinu kulikuwa na unga mweupe. Pembeni kulikuwa na karatasi ya vidonge, na Marcelino hakuhitaji miwani kuvitambua. Vilikuwa vile vya kwanza, vya shingo.

"Nini hicho?"

Leticia alikifunika kinu kwa kiganja, kisha akaona haina maana, akaondoa mkono. "Tangu mwezi wa tatu sijaona hata karatasi moja ya dawa humu ndani. Nikajua umeacha, kama ile mara. Cheti cha zamani ninacho, nikaenda duka la dawa."

"Dawa namezea kazini, mama Josepha! Ziko kwenye kopo la skrubu. Hapa wapangaji si wanachungulia mpaka sufuria?"

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungesema ukweli? Ile mara uliniapia."

Hapo alimshika pabaya. Dawa mbili kwa mpigo, miezi minne, basi ndiyo mikono ile. Kosa la woga angeweza kulisamehe, na yeye mwenyewe alikuwa na makosa yake ya woga. Lakini alimuuliza. Kwa kinywa chake alimuuliza mbona uji mchungu, na mwanamke yule, anayejua alichotia, akamtazama usoni akamwambia anaumwa. Hilo hakuweza kulisamehe.

Leticia alimwaga unga chooni, akalia, akamshika magoti. Akaomba yaishie ndani, wakwe wasijue, watu wasijue. Marcelino akakubali. Alimpenda bado, huo ndio ukweli, na kumpenda kwenyewe kulimuuma.

Alhamisi walikwenda kliniki pamoja, kwa sababu dozi lazima ipunguzwe. Daktari alifungua jalada, akauliza swali lake la siku zote. "Yale mawazo kwamba mkeo anakutilia kitu kwenye chakula, bado yapo?"

"Siyo mawazo, daktari. Alikuwa ananitilia kweli. Zile dawa za kwanza, kwenye uji."

Alipomaliza ndipo akasikia alichokisema. Maneno hayohayo aliyasema miaka miwili nyuma, kwenye kiti hichohicho. Daktari alimtazama kwa upole, ule upole wa kazi, kisha akageukia upande wa pili.

"Mama, wewe unasemaje?"

Marcelino naye akageuka. Hakutaka mengi, alitaka sentensi moja tu. Leticia alitazama jalada, akatazama kalamu ya daktari, akaminya mkoba wake mapajani.

"Amekuwa akisema hivyo tangu mwezi wa nne," alisema.

Hakukuwa na uongo hata chembe ndani ya sentensi hiyo.

"Basi tutaongeza kidogo," daktari alisema, akaanza kuandika. Marcelino alifungua kinywa abishe, akakumbuka kwamba kubisha nako ni dalili.