Vyoo vya Kumpokelea Mgeni

Nilipomaliza masomo ya uuguzi nilipangiwa kazi ya afya ya jamii katika kijiji cha ujamaa kando ya ziwa, mwendo wa baiskeli kutoka Pasiansi, pembezoni mwa mji. Mimi ni mtu wa Bukoba, nimekulia kwenye migomba, na nilidhani najua kijiji ni kitu gani. Kile kilikuwa kimejengwa juu ya mwamba. Zamani watu wake walikaa bondeni, kwenye udongo laini karibu na mashamba yao ya pamba, mpaka ikaamuliwa wahamie kando ya barabara na wapangwe kwa mistari iliyonyooka. Siku niliyofika, mwenyekiti wa kijiji alinieleza faida yake: maendeleo huja kwa gari, kwa hiyo ni vizuri yatukute barabarani.

Nilikuja kuzuia magonjwa. Nilikuwa na picha kubwa za kutundika ukutani, chaki, na sauti. Niliwafundisha akina mama wachemshe maji ya kunywa, wasiingie ziwani kwa sababu ya kichocho, na kila kaya ichimbe choo. Walinisikiliza kwa heshima. Jioni, mama mjane aliyenipangisha chumba aliniuliza, huku akipepeta mtama, kama kuni za kuchemshia nitaleta mimi, maana walipohamishwa miti ilibaki bondeni. Na kama haruhusiwi kuingia ziwani, akauliza, maji yatatoka yenyewe yamfuate? Nilimwambia hayo yatakuwa katika somo la wiki ijayo. Wiki iliyofuata nilifundisha habari za inzi.

Watoto waliendelea kuharisha na kukojoa damu, nami nikaendelea kutundika picha. Kisha ikaja habari kwamba mgeni rasmi kutoka mjini atakuja kukagua vyoo.

Mwenyekiti aliitisha mkutano na kutangaza kwamba kaya isiyo na choo itakuwa imemsaliti kila mwananchi. Mzee mmoja alisimama, akasema kwamba amechimba, jembe likavunjika, na jiwe lipo vile vile. Mwenyekiti akamjibu, "Ndugu, mgeni anakuja kuona choo. Hakuna aliyesema anakuja kuona shimo."

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Kila nyumba ilipata kibanda cha nyasi chenye mlango, na mimi, nesi wa serikali, nikapita na chaki kuandika CHOO. Mama mwenye nyumba wangu alikipenda sana chake. Akahamishia humo kuku wake waliokuwa wakiatamia. Choo kimoja tu kilikuwa na shimo la kweli, cha mwenyekiti, kilichojengwa palipo na ufa katika mwamba. Kilikuwa na bati, saruji na kufuli. Na kwa kuwa kilikuwa jengo pekee lenye kufuli, alifunika shimo kwa mbao na kuhifadhi humo sukari na chumvi za duka la kijiji.

Siku ya mgeni nilichemsha maji yake tangu asubuhi, nikayapoza kwenye mtungi uliofunikwa. Mwenyekiti aliyaonja, akasema yananuka moshi na yatatuaibisha. Akayamwaga, akaagiza mengine ziwani, mabichi na baridi. Mgeni alikunywa na kuyasifu. Alikuwa mtu mpole, mnene kiasi, na alikuwa ametoka kutembelea vijiji vingine, ambavyo bila shaka navyo vilimkaribisha kwa moyo huo huo.

Alikagua mistari ya vibanda kwa mbali, akaridhika, akaanza hotuba. Alifika mahali pa kusema kwamba taifa hujengwa na watu wanaotumia vyoo, akanyamaza. Jasho likamtoka usoni. Akashuka jukwaani, akaja hadi niliposimama na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Nesi, choo kiko wapi?"

Nilimpeleka kwa mwenyekiti. Kufuli. Ufunguo alikuwa nao mke wa mwenyekiti, na mke wa mwenyekiti alikuwa ameteremka ziwani kuteka maji. Mgeni hakungoja maelezo. Alifungua mlango wa kibanda cha jirani, ambacho kilikuwa cha mama mwenye nyumba wangu, na kuku wakamrukia kifuani. Akageuka, akainua suruali kidogo kwa mikono miwili kama anayevuka tope, akakimbilia nyuma ya majabali.

Watu wa kijiji kile walikuwa waungwana. Hakuna aliyecheka. Kwaya ya kijiji ilisimama bila kuambiwa na kuimba wimbo wa vyoo uliotungwa kwa ajili ya siku hiyo, beti zote, na zilipokwisha wakaanza upya.

Aliporudi hakugomba, na hilo lilitutisha zaidi. Alimtazama mwenyekiti, akauliza, "Na wewe, ndugu, huwa unakwenda wapi?"

"Huko huko, ndugu mgeni," alisema mwenyekiti. "Ila sisi huenda upande wa kushoto."

Tulikaa tukisubiri adhabu. Mwenyekiti alikonda. Mimi nilifunga sanduku langu nikijua nitahamishwa. Badala yake lilikuja lori la watu wa maji, wakachimba kisima chini ya kilima chetu cha mwamba, na wakaleta pampu. Mpini wake ulisahaulika ukaja baada ya mvua. Ikaja pia ruhusa kwamba wanaotaka kurudi kwenye udongo laini warudi, mradi wajipange kwa mistari. Nilikuwa nimeomba mambo hayo hayo tangu nilipofika, kwa maneno ya kitaalamu. Tumbo la mkubwa mmoja lilieleza vizuri kuliko mimi.

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa wa kwanza kuteremka. Wakwe zake walichimba shimo refu, na safari hii kuku walijengewa banda lao. Watoto hawakuacha kuogelea ziwani, na kichocho hakikuisha, lakini msimu wa kuharisha ulipofika benchi langu la wagonjwa lilikuwa na nafasi ya kukaa.

Mwenyekiti alipewa cheti kwa kuona mbali. Alikipokea barabarani, kwa hotuba ndefu, na mimi nilipiga makofi pamoja na wengine. Pampu ilikuwa inatoa maji.