Chupa Moja Iliyochafuka

Sisi watu wa maabara hatufurahishwi upesi. Lakini kulikuwa na cucu mmoja, bibi kizee kutoka Kanyakine, ambaye kila asubuhi nilimkuta kwenye benchi la mlangoni petu, hospitalini Meru, mjukuu mchanga amemfunga kifuani kwa leso.

"Daktari," ananiita, ingawa nimeshamwambia mimi si daktari, "huyu mume wangu anauliza mama yake atatoka lini."

Mtoto alikuwa amepewa jina la marehemu mume wa cucu, kwa hivyo kwake alikuwa mume, basi. Alimgombeza kama mume pia.

Mama wa mtoto, mkaza mwana wake, alikuwa wodini na kidonda cha upasuaji wa kujifungua kilichoingia usaha. Nilikuwa nimeotesha vijidudu vya usaha ule kwenye sahani na kuwawekea vidonge vya dawa tulizo nazo. Dawa inayofanya kazi huzungukwa na duara safi. Sikuona duara hata moja. Vijidudu waliota mpaka wakagusa vidonge, wakatulia hapo kwa raha zao, nami nikakasirika kama mtu aliyetukanwa. Ilibaki dawa ya mwisho. Hiyo huumiza figo, na daktari hakutaka kuianza kwa kubahatisha.

Yenyewe haipimwi kwa sahani. Unaichanganya katika chupa ndogo za supu ya kulishia vijidudu, unawatia humo, halafu chupa zinalala kwenye kabati la joto. Ikichafuka, vijidudu wameishinda dawa. Ikibaki safi, dawa imeshinda. Chupa moja haitiwi dawa kabisa. Hiyo lazima ichafuke, ndipo ujue vijidudu walikuwa na nguvu ya kuota.

Kesho yake chupa zote zilikuwa safi. Mwenzangu akaanza kupiga makofi. Nikamwonyesha ile isiyo na dawa: nayo ilikuwa safi. Stima ilikuwa imepotea usiku, kabati likapoa, hakuna kilichoota. Hatukuwa tumejua lolote.

"Mume wangu ameanza kununa," cucu akasema nilipopita.

"Mwambie angoje, cucu. Hata mimi nimenuna."

Nikaanza upya. Jirani yetu wa benki ya damu akatuachia soketi yake ya jenereta, na tukalisukuma kabati mpaka ukutani kwake.

Asubuhi nilifungua kabati huku nikiomba. Chupa zenye dawa zilikuwa safi. Isiyo na dawa ilikuwa chafu, chafu kabisa, kama maji yaliyooshewa viazi. Sijawahi kufurahia uchafu namna ile. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu akaja kuangalia nina nini.

Dawa ikaanzwa siku hiyohiyo. Homa ikashuka, kidonda kikaanza kufunga, figo zikavumilia. Siku ya kuruhusiwa, mama alikuja mwenyewe polepole hadi kwenye benchi letu. Cucu akafungua leso, akamtazama mtoto kwa muda.

"Haya, mzee, nenda kwa mama yako," akamwambia. "Mimi ndoa hii imenichosha."

Mkaza mwana wake akacheka huku ameshika kidonda, akanyoosha mikono. Cucu akampa mtoto, kisha akajifuta macho kwa ile leso tupu.