Mbolea Iliyoteremka Kijitoni

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa bwana shamba huko Manga, na kazi niliyopewa iliwachekesha watu: kila mvua iliponyesha, nilishuka mtoni kuteka maji kwenye chupa. Wakubwa wangu walitaka kujua kama mbolea ya fosfeti ya mashambani ilikuwa ikichukuliwa na mito hadi ziwani.

Shamba lililonisumbua zaidi lilikuwa la mama mmoja mjane, Msabato, kwenye mteremko mkali juu ya kijito. Alipanda mahindi kutoka mlangoni mwake hadi ukingoni, na mbolea aliimwaga juu ya udongo bila kuifukia. Nilimsihi aache hatua chache kando ya kijito, apande mabingobingo, majani marefu ya kulisha ng'ombe ambayo pia huzuia udongo.

"Mwanangu," aliniambia, "majani hayo yanasongwa ugali?"

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, nilishuka na chupa zangu. Katikati ya mahindi yake niliteleza, nikaserereka kwa makalio hadi majini, chupa nimeziinua juu kama mbatizaji. Mama alikuja mbio. Alicheka mpaka akashikilia mti asianguke.

Ghafla akainama kutazama. Kwenye mfereji niliouacha nyuma yangu yalikuwa yakiteremka maji mekundu, na ndani yake punje za mbolea aliyoimwaga jana yake.

"Hiyo ni yangu?"

"Ni yako, Mama. Inakwenda kurutubisha magugu ya ziwani."

"Ziwa lenyewe sijawahi kuliona hata siku moja!"

Wiki hiyohiyo alipanda mistari miwili ya mabingobingo kando ya kijito, na tangu hapo mbolea akaitia kwenye mashimo na kuifunika kwa udongo. Msimu uliofuata niliteka maji ya kijito juu ya shamba lake na chini yake. Majibu ya maabara yalipokuja, nilikimbia njia nzima kwenda kumwambia: fosfeti iliyotoka shambani kwake ilikuwa imepungua sana.

Hakushangaa. "Ng'ombe wangu aliniambia zamani," alisema. "Maziwa yameongezeka."

Jumamosi iliyofuata aliwatangazia wenzake habari hiyo nje ya kanisa. Jumapili asubuhi wanawake saba walinisimamisha njiani wakitaka mbegu ya majani hayo, nami sikuwa nayo. Tukaenda kwa Mama, naye akachukua panga, akakata mashina ya kwake, ambayo huota yakipandwa, akawagawia wote, kila mmoja na mzigo wake kichwani, wakapanda mlima wakiimba.