Vitunguu vya Wamisri

Miaka ya tisini ilipokuwa inakwisha nilikaa kwa shangazi yangu ughaibuni, Riverdale Park, nikisoma chuoni maandishi ya Warumi wa kale. Baba, kule Unguja, alikubali kwa sharti moja: dada yake akiona masomo yananichezea dini, nifunge virago nirudi.

Jumapili moja, tukisubiri simu ya baba, shangazi akasema, "Hebu nisomee utakayosema kesho darasani." Nikazipekua karatasi polepole. Mada yangu ilikuwa namna Warumi walivyoziandika dini za Wamisri na za Mayahudi, na Warumi hao walikuwa hawaandiki, wakizodoa tu.

Alikuwa akikata vitunguu vya pilau. Nikaanza na Wamisri: eti wanasujudia paka na mamba, na kitunguu kwao ni kitukufu, kukitafuna ni dhambi.

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. "Lahaula! Kumbe leo nimemkatakata mungu wa watu! Endelea, mwanangu, endelea."

Wallahi nilitaka kuishia hapo. Nikajifanya kukohoa.

"Mbona kimya? Karatasi ya pili hiyo hapo naiona."

Nikasoma. Wapo watu, anasema Mrumi, hawali nguruwe, wanawatahiri watoto wao wa kiume, hawana sanamu hata moja, wanaomba wakitazama hewa tupu. Wajinga wakubwa.

Kisu kikasimama.

"Anatusema sisi?"

"Hapana, shangazi. Mayahudi. Sisi tulikuwa bado."

"Hawali nguruwe. Wanatahiri. Hawana sanamu." Alihesabu kwa vidole vilivyolowa maji ya vitunguu. "Na waliosomewa wakacheka?"

"Walicheka. Kama ulivyocheka kwa vitunguu."

Lilinitoka tu. Nikajua nimekwisha, na simu nayo ikalia palepale. Shangazi akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea. Nilisimama kando ya jokofu, nikijiona nimeshafika uwanja wa ndege na sanduku langu.

"Waalaikumu salaam. Ehe, yupo, anasoma." Akasikiliza. "Dini? Haichezewi. Nimemsikiliza mwenyewe. Muache mtoto asome."

Alipokata simu akarudi kwenye vitunguu vyake. Hakunitazama.

"Hayo ya Wamisri usinisomee tena."

"Kwa nini, shangazi?"

"Nitacheka."