Kidole Gumba cha Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa inspekta wa polisi Tororo miaka ile ya mwanzo ya uhuru, na kama ipo kazi ya kumzeesha mtu kabla ya siku zake, ni hiyo. Alikuwa na kesi ya ng'ombe walioibwa Mulanda, na ya maiti iliyookotwa kwenye mafunjo ya mpakani, ambayo polisi wa pande zote mbili walikubaliana kwa moyo mmoja kwamba ni ya wenzao. Nyumbani alikuja kubadilisha shati tu.

Kisha duka likachomwa moto Busia, na mlinzi aliyelala ndani akafa. Akakamatwa kijana fundi wa baiskeli aliyekuwa amegombana na mwenye duka. Kijana alisema usiku huo alikuwa mbali, Lunyo, amempeleka mkewe mwenye uchungu kwa mkunga. Wakubwa hawakutaka kusikia. Kesi kama hiyo mwisho wake ni kitanzi, na Jumatatu alikuwa apelekwe kwa hakimu.

Jumamosi asubuhi mume wangu aliketi kitandani bila kuvua viatu.

"Mkunga mwenyewe ni mama yako," akasema.

Nilicheka, kisha nikaacha. Kwetu Wasamia, na kwao mume wangu huko Petta vilevile, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, hawasemezani, wala hawagusani. Tangu anioe, mama akisikia gari letu tu hukimbilia jikoni.

"Si umtume mtu mwingine?"

"Nilimtuma sajini jana. Mama yako alimwambia hajui kitu."

Tukaenda Lunyo. Mama alikaa jikoni, mume wangu nje, ukuta wa udongo katikati, nami mlangoni. Lugha zao za nyumbani hazikukutana, walikuwa na Kiswahili tu: mume wangu cha kambi ya polisi, mama cha soko la Busia. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini desturi ilitaka nirudie kila neno, nami nikarudia kama mwehu.

"Muulize kama usiku wa moto kijana alifika."

"Mama, anauliza kama usiku wa moto kijana alifika."

"Ambia yeye, ule kijana nakuja jioni na bibi yake. Mtoto nakataa kutoka mpaka jogoo nalia. Kijana nakaa hapo nje, nachota maji, nalia kushinda bibi."

"Muulize kwa nini jana hakusema."

"Ule polisi ya jana mimi hapana jua. Polisi yangu ni moja."

Nilidhani tumemaliza. Lakini mama hakujua kuandika, ilibidi atie alama ya kidole gumba kwenye maelezo yake, na chini yake mume wangu aandike kwamba imetiwa mbele ya macho yake. Nikamwambia mume wangu anipe wino, nikishike kidole mimi, nani atajua?

"Wakimuuliza mahakamani, mama yako atasema kweli," akajibu. "Halafu maelezo yote yatatupwa, na kijana atanyongwa kwa uongo wetu mdogo."

Nilikasirika, kwa kuwa hakukosea.

Mama alikuwa amesikia. Akafungua shuka lake la begani, akaniambia nilitundike mlangoni. Kando ya shuka mkono wake ukatoka, ule uliopokea nusu ya watoto wa Lunyo. Mume wangu akapiga magoti, akakishika kidole, akakipaka wino, akakikandamiza kwenye karatasi. Alama ya kwanza ilichafuka, ikabidi arudie, sikujua kama ni kwa haya au kwa kukosa usingizi. Mama alijua, maana hakuuondoa mkono wake upesi.

"Mkwe," akasema, na safari hii hakupitia kwangu. "Wewe nachoka sana. Peleka karatasi, halafu lala."

Mume wangu akaikunja karatasi. Baadaye alipeleka mbuzi wa kuondoa mkosi, kama ilivyotakiwa, na hawakusemezana tena mpaka mama alipofariki.

Jumatatu kijana aliachiliwa, akaenda kumwona mtoto wake. Mume wangu akarudi nyumbani mchana kweupe, akavua viatu, akalala. Wenye ng'ombe wa Mulanda walipokuja kubisha hodi, niliwaambia inspekta ana amri ya kulala kutoka kwa mkubwa wake.