Sauti Nyuma Yangu Uwanjani Tororo

Nisiwafiche: siku watu wa Tororo waliponicheka hadi wakashika mbavu, nilikuwa nimelala kifudifudi katikati ya uwanja wa tenisi, sketi imepanda mgongoni, na mpira hata haujapigwa.

Mimi kazi yangu ni tenisi ya wanawake wawili wawili (ndiyo, mtu hulipwa kwa hiyo, hata mama yangu kule Busia alichelewa kuamini), na kwa miaka mingi nilicheza na Athieno wa Mwello, kijiji cha huko huko Tororo, tukazunguka Kampala, Nairobi, hadi Tunis, yeye nyuma, mimi kwenye wavu, simwoni ila namsikia: "Wacha, dada," naacha mpira unipite, "Inama," nainama. Mwaka jana alifariki baada ya kuugua sana, na mwishoni sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo tu.

Basi nikaanza kucheza na Nafula. Siku tuliyoalikwa Tororo kwa mechi ya kirafiki, Nafula aliamka sauti imemkauka, hawezi kutoa neno. Heri ningeahirisha. Nikasema tucheze tu, tutaelewana kwa ishara.

Jua la saa nane, watu wamejaa, mchezo umeanza tu nikasikia nyuma yangu, taratibu, "Wacha, dada." Nikaacha. Mpira ukatua ndani kabisa, pointi ikawa yao.

Nikamgeukia Nafula. "Mbona unaniambia niache?"

Akagusa koo lake, akatikisa kichwa.

Lakini mbele za watu utafanyaje, nikaendelea, sauti ikaja tena, nikaacha tena, watu wakaanza kucheka, nikamfokea mwenzangu asiye na sauti kwamba anaongea sana (hebu fikirieni), mwamuzi akanionya, na mpinzani akiwa bado anadundadunda mpira ili aanzishe, nikanusa dawa ya kuchua, ile Athieno aliyokuwa akijipaka magotini, kisha karibu kabisa na sikio, "Inama."

Nikajitupa chini.

Tulifungwa vibaya. Nikiwa nafungasha raketi, bila kuinua macho, mama yake Athieno akanijia. Alikuwa amekaa mstari wa mbele na yeye peke yake hakucheka. Kumbukeni, sikuwa nimemwambia mtu yeyote ni sauti ya nani niliyoisikia, hata Nafula.

Akanishika mkono. "Mwanangu, alikuwa anaongea kwa sauti ya ugonjwa, ama ile yake ya zamani?"

"Ile ya zamani, mama."

"Asante," akasema, akajifunga leso vizuri, akaenda zake kama mtu aliyetua mzigo.

Tenisi bado nacheza. Lakini Tororo sirudi. Wakinialika nitasema goti linauma, na ninyi mnaonicheka, kaeni siku moja mbele ya wavu, mgongo wazi, mkisubiri kuambiwa la kufanya na mtu msiyeweza kumgeukia.